Mjadala: Mtafiti wa lugha na sanaa za Tanga alazimishwe kuacha nakala ya Kiswahili?

Mleta mada, Ngamiani

Asalaam aleikum wana Tanga, na habari zenu nyote mnaotusoma kutoka pengine.

Naomba jambo hili tulijadili bila kuoneana haya. Mji wetu haukauki watafiti. Wako wanaofuatilia taarabu, wako wanaorekodi lahaja zetu za Kimtang'ata na Kivumba, wako wanaokwenda Machui kutafuta habari za Shaaban Robert, na siku hizi wako wa filamu. Wanakaribishwa, wanapewa kahawa, wanapewa maneno. Kisha kazi inaandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani, inawekwa kwenye maktaba ya chuo, na aliyetoa maneno haioni tena. Ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, umewakaa watafiti kuliko wageni wengine wote.

Rai yangu ni hii: anayechukua data za lugha, fasihi au filamu Tanga, awe wa Ulaya au wa Dar es Salaam, asipewe kibali mpaka akubali kwa maandishi kuacha nakala ya Kiswahili katika maktaba ya mkoa. Liwe sharti, lisiwe ombi.

Nashikilia lugha kwa sababu. Mtazameni Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa upande wa Bagamoyo. Tangu mwaka 1900 alifundisha Kiswahili Berlin, na yeye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Jalada likabeba jina la Mjerumani Carl Velten. Ile ilikuwa dhuluma, sina neno jingine. Lakini maandishi yalichapwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo kijana wa Bagamoyo wa leo anaweza kusoma jinsi ndoa, ngoma na mazishi ya pwani yalivyokuwa, akakubali au akabisha. Ilichukua mpaka tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 jina la Mtoro kukaa jaladani, ila sauti yake ilikuwa inasomeka miaka yote hiyo.

Hapa kwetu pia, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vile vya Abushiri vilivyoanza Pangani mwaka 1888. Mtafiti Mwingereza J.W.T. Allen alipoutoa, aliziweka beti za Kiswahili pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Nikiziandika ubaoni, wanafunzi wangu wanazifuata, na mara nyingine wananisahihisha majina ya vijiji vyao.

Sasa geukeni Vugiri, kule milimani juu ya Korogwe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu. Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha zilizotoka hasa kwa shirika la Carnegie la New York, walitoa filamu fupi 35: za kilimo, za safura, za kuweka akiba posta. Waigizaji walikuwa Waafrika. Maelezo yalipigwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na watazamaji wakachunguzwa wanazipokeaje. Ule ulikuwa utafiti wa filamu hasa, tena kabla babu zetu wengi hawajaona sinema. Ripoti ikatoka London mwaka 1937, kwa Kiingereza. Filamu chache zilizosalia zimehifadhiwa Uingereza. Muulizeni mwanafunzi wa Korogwe leo kama amewahi kusikia Vugiri ikitajwa kwa habari ya sinema.

Tofauti hiyo, ya vilivyobaki kwa Kiswahili na kilichobaki kwa Kiingereza, ndiyo inayonifanya niseme lazima. Karibuni.

Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam (kwetu Muheza)

Shikamoo mwalimu. Nakuheshimu, ila sharti hili litatuumiza sisi watoto wako kabla halijamgusa mgeni yeyote.

Wenzetu wa Kiswahili, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Chuo Kikuu Huria, wanaandika tasnifu kwa Kiswahili. Hao hawana shida na rai yako. Mimi natafiti wahusika wa kike katika filamu za Kibongo, na idara yangu inafanya kazi kwa Kiingereza. Msimamizi wangu anasahihisha kwa Kiingereza, mtahini wa nje anasoma kwa Kiingereza. Nikimaliza hapo, unanitaka nikae niandike tasnifu ya pili. Nani atanilipia? Fedha ya nauli tu, ya kwenda kuwasaili watu Tanga na kurudi, nimeikopa kwa kaka yangu. Mwenzangu wa Ulaya ana bajeti ya kumlipa mfasiri. Yeye atalitimiza sharti lako kirahisi, mimi nitahamishia utafiti wangu Morogoro.

Na jambo la pili, mwalimu. Kuandika kwa Kiingereza si usaliti. Mtu wa Accra au wa Lagos anayechunguza filamu za kwao hanifikii kwa Kiswahili, na mimi nataka anifikie, anibishie. Tukijifungia tutabaki tunasifiana wenyewe kwa wenyewe.

Mtu wa kamera, Bagamoyo

Dada, hoja ya fedha naikubali. Hoja ya kufikiwa nayo naikubali. Lakini niruhusu nieleze kinachotupata sisi tunaotafitiwa.

Tulikuwa tunapiga filamu hapa Bagamoyo. Akaja mtafiti, mstaarabu kabisa, akakaa nasi kwenye seti. Akaniuliza kwa nini filamu zetu nyingi ni za sebuleni, makochi na pazia. Nikamwonyesha. Nikamtoa nje mpaka ufukweni, nikamvalisha visikizio, nikamwambia sikiliza. Upepo wa bahari unaingia kwenye kipaza sauti unavuma kama turubai linalopigwa, huku boti za mashine zinapita, watoto wanashangilia kamera. Nikamweleza: kifaa cha kuzuia upepo hatuna, sauti tukiiharibu hapa hatuna studio ya kuirekodi upya, na mwenye nyumba akikuachia sebule yake kwa siku nzima unamaliza sini zote za ndani kwa mkupuo mmoja. Hii ndiyo sababu ya sebule. Sauti na kodi.

Kazi ilipotoka nilimwomba mpwa wangu anisomee. Imeandikwa kwamba sebule zetu zinaonyesha tunavyoiga filamu za Nigeria na tunavyotamani maisha ya kifahari. Upepo haumo. Kodi ya nyumba haimo. Na mimi nimeshukuriwa kwenye shukurani!

Huenda kuiga nako kumo, sikatai. Ila nilikuwa na jibu na sikupata pa kulitolea. Mwalimu, nakala ya kuwekwa maktaba baada ya mtu kufuzu hainisaidii kitu. Nakala hiyo ningeitaka wakati bado anaandika, kabla hajaenda kutetea tasnifu yake. Wala si kurasa zote. Aniletee kwa Kiswahili ile sehemu inayonisema mimi, nimwambie hapa umenielewa, hapa hukunielewa. Akibaki na msimamo wake, aandike kwamba nilibisha.

Msomaji wa Chumbageni

Mimi nauliza tu: hizo tasnifu za Kiswahili zilizopo, mmezisoma? Mimi nimejaribu moja ya riwaya za Shaaban Robert. Sura nzima ni nadharia ya umuundo, waasisi wake, mihimili yake, udhaifu wake, na Kusadikika yenyewe inaanza kutajwa ukiwa umeshachoka. Kiswahili chake ni safi lakini kimeandikiwa mtahini. Mkilazimisha nakala bila kusema ziandikwe vipi, mtaijaza maktaba vitu vya namna hiyo na panya ndio watakaovifaidi.

Bibi wa Makorora (anaandikiwa na mjukuu)

Wanangu, salaam. Mjukuu wangu amenisomea maneno yenu yote, nami naomba nafasi kwa sababu taarabu imetajwa.

Mimi nimeishi na taarabu ya mji huu tangu ujana wangu. Vikundi vya Black Star na Lucky Star, huku na huku, na ushindani wao mnaujua. Nyimbo zetu zilikuwa na fumbo. Mtu anaimba habari ya ua, au ya chombo kilichokosa nahodha, ukumbi mzima unajua nani anasemwa, na hakuna wa kumshika mwenzake shati kwa sababu hakutajwa. Mwenye kuguswa ananyanyuka kwenda kutunza na hela yake mkononi, anajibu kwa kutunza. Ndiyo adabu yake.

Sasa anakuja mtafiti, mtoto mzuri, anakaa mkekani siku nyingi, anakuwa kama mwanangu. Ananiuliza, bibi, wimbo huu ulimlenga nani? Nami kwa mapenzi namwambia. Namwambia kwa kuwa najua anaondoka nalo. Haya, ninyi mnataka sharti arudishe lile jina, kwa Kiswahili, liwekwe maktaba ya hapahapa, mtaa wa pili na watoto wa yule aliyeimbwa. Wale watoto ni wakwe wa watu leo, ni majirani zangu. Nitawatazamaje?

Mwalimu, usidhani kila kilichoandikwa mbali kimeibwa. Vingine sisi wenyewe tumevipeleka mbali kwa makusudi. Kabla hujamlazimisha mtafiti kurudisha, mlazimishe kwanza aniulize mimi kipi kirudi.

Mleta mada, Ngamiani

Shikamoo bibi. Nimekusikia, na nadhani hili la kwako ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa hapa, maana sisi wengine tumezungumzia nakala kama mali, wewe umezungumzia ujirani.

Sharti nalibadilisha, dai silibadilishi. Tasnifu nzima iliyofasiriwa siiombi tena. Dada wa Muheza ana haki kuhusu gharama, na ndugu wa Chumbageni ana haki kuhusu mihimili ya nadharia. Naomba vitu vitatu ambavyo hata mwenye nauli ya kukopa anaviweza. Kwanza, rekodi zote, sauti na picha, nakala yake ibaki kwa aliyerekodiwa au pale atakapotaka yeye. Kumjazia bibi nyimbo zake kwenye kadi ya simu hakumfilisi mtu. Pili, ile sehemu inayomhusu msailiwa asomewe kwa Kiswahili kabla ya utetezi, na majibu yake yaingie kazini, kama alivyodai ndugu yetu wa Bagamoyo. Hapohapo ndipo bibi atasema jina gani lifutwe. Tatu, maelezo mafupi ya Kiswahili kwa ajili ya maktaba, yaliyoandikiwa mtu wa kidato cha nne, yakiwa na yale tu yaliyoruhusiwa.

Ila neno lazima silitoi. Kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa mgeni na barua ya chuo kwa wa ndani vyote vina masharti tayari, na anayekuja kufanya utafiti anayatimiza bila kulalamika. Haya nayo yakiwa hiari, atakayeyatimiza ni yule ambaye angetutendea wema hata bila kuombwa. Waliotengeneza filamu Vugiri nao walikuwa na hiari.

Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam

Bibi, shikamoo, na ahsante. Umenitia hofu ya haki, kwa sababu nina rekodi za akina mama wawili ambao sikuwauliza jambo hilo.

Mwalimu, la kwanza na la tatu nayakubali hata kesho. La pili ndilo nitakalolipinga kama ni lazima. Natafiti pia filamu za watayarishaji wakubwa wenye fedha na jina. Nikiwasomea sura yangu kabla ya kutetea, nao wakiwa na haki ya kufuta, hakuna nitakachoandika juu ya namna wanavyowalipa waigizaji wasichana. Bibi wa Makorora anafuta jina ili kulinda ujirani. Mtayarishaji atafuta ili kulinda mfuko. Sharti lako, kama ulivyoliandika, haliwatofautishi hao wawili. Niandikie namna ya kuwatofautisha, nami nitakuwa wa kwanza kupeleka barua chuoni kwangu.

Mtu wa kamera, Bagamoyo

Hapo umesema kweli, dada, na watayarishaji wa namna hiyo nawajua. Basi haki ya kufuta ibaki kwenye mambo ya nyumbani kwa mtu na jina lake. Kwenye kazi na malipo, mimi na mtayarishaji wote tupewe haki ya kujibu tu, tusipewe ya kufuta. Mwalimu aandike hivyo, tuone nani atapinga.