Wadau, uhifadhi, mila na kupunguza umaskini vinaunganaje kwa vitendo?

Mdadisi_wa_Mazingira:
Habarini wakuu. Siku hizi kila mradi wa mazingira unaahidi mambo matatu kwa pamoja, kulinda viumbe, kulinda tamaduni na kupunguza umaskini. Mimi naona mara nyingi inaenda kinyume, msitu unawekewa mipaka, watu wanahamishwa, halafu wanaahidiwa maendeleo ambayo hawayaoni. Ni wapi imefanikiwa kweli na nini kilisaidia? Naomba mifano halisi.

Mlinzi wa Msitu:
Mkuu wasiwasi wako una msingi. Angalia Ogiek wa msitu wa Mau, Kenya. Hawa ni watu wa mizinga, asali ni chakula, ni dawa, inaingia mpaka kwenye mahari, sasa msitu ukiisha nyuki nao wanaondoka na mila yote inakosa pa kushika. Wakatolewa kwa hoja kwamba wanaharibu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha, 2017 ikasema hawawezi kubebeshwa lawama ya uharibifu wa Mau, na kwamba kuwatoa kulivunja haki zao za ardhi, dini na utamaduni. 2022 ikaamua na fidia. Yaani waliokuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kuutunza msitu ndio walioondolewa kwanza, inauma sana.

Bi Shamba:
Nyongeza, ardhi peke yake haitoshi, na ujuzi una mwenyewe. Wasan, wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika, wanatafuna mmea wa hoodia tangu zamani kuzuia njaa na kiu wakiwa mawindoni. Miaka ya 90 taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini ikachukua hataza, yaani haki ya umiliki wa uvumbuzi, ya kiambata cha mmea huo kinachozuia njaa, bila kuwauliza, mpaka kelele zilipopigwa ndio 2003 wakasaini mkataba wa kupewa asilimia 6 ya mrabaha. Ila dawa ya kupunguza unene iliyotarajiwa kutoka kwenye mmea huo haikufika sokoni kama ilivyotarajiwa, kwa hiyo pesa ikawa kidogo. Kwenye chai ya rooibos, mmea mwingine wa huko wanaoujua tangu zamani, walipata nafuu, 2019 wenye viwanda walikubali Wasan na Wakhoi, jamii nyingine ya asili ya huko, wapate asilimia 1.5 ya bei ya shambani, na hiyo inatoka kwenye zao ambalo tayari linauzwa, hawasubiri bidhaa ya kesho. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya mimea na viumbe na ujuzi wake wa jadi, inataka hivyo hivyo, uombe ridhaa kwanza na mgawane faida, lakini bila sheria ya nchi inabaki karatasi tu.

Mdadisi_wa_Mazingira:
Asante Bi Shamba, hiyo ya rooibos sikuijua kabisa. Na wanyamapori je? Maana huko ndiko wanakijiji wanakoumia zaidi, simba akila ng'ombe nani analipa?

Kusini Kwetu:
Hapo soma Namibia. Sheria ya 1996 iliwapa wanajamii haki ya kusimamia wanyama na kula mapato ya utalii na uwindaji kupitia hifadhi zao za jamii. Kabla ya hapo tembo akila shamba ni hasara tupu, mnyama ni wa serikali na maumivu ni yako. Hifadhi hizo zikaajiri wanakijiji wenyewe kuwa walinzi, ujangili ukawa unagusa mfuko wao. Lakini 2020 korona ilipozuia watalii mapato yalikauka, kwa hiyo usitegemee watalii tu.

Mlinzi wa Msitu:
Kweli, na hata pesa ikija angalia nani anaigawa. Mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, pwani ya Kenya, wanauza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inafyonza, na wanajamii ndio wanaopanga pesa iende kwenye maji au shule. Mradi wowote ukija kwenu mkuu, ulizeni mapema kabisa, kabla ya kusaini: hati ya ardhi iko kwa jina la nani, akaunti ya pesa inasainiwa na nani, na wanawake na wazee wanaojua miti wana kura kwenye kamati au wanaalikwa tu kucheza ngoma siku ya uzinduzi.