Kiti changu kwenye helikopta kimekaliwa na KITI

Wakuu, naandika na hasira, msinisahihishe herufi.

Kuna yule jamaa wa orodha ya abiria. Mnamjua. Yeyote aliyewahi kusubiri usafiri wa kambi kubwa kwenda kambi ndogo anamjua: kalamu nyuma ya sikio, miwani myeusi hata saa tisa usiku. Simtaji.

Siku TATU nimesubiri safari ya dakika arobaini. Siku ya kwanza vumbi, rubani haoni hata pua ya helikopta yake. Sawa, vumbi halina cheo. Siku ya pili wakatangulizwa majeruhi, na hapo sina neno, majeruhi kwanza hata ningekaa mwezi. Zikapakiwa risasi, ikafuata mifuko ya barua. Sawa. Nimelalia begi mpaka likachukua umbo langu.

Leo alfajiri jina likaitwa. Nikapanda mizani na fulana ya kuzuia risasi, kofia ya chuma, bunduki. Jamaa akaandika kilo. Begi likatangulia kupakiwa. Tukapanga mstari, vizibo masikioni, mapanga yanazunguka, mchanga mpaka kwenye meno. Mguu wangu mmoja ulishakanyaga ngazi. MGUU MMOJA. Nikaguswa bega. Kugeuka, yeye. Kwa kelele zile husikii kitu, basi akanielekeza nyuma kwa kidole, kama anafukuza kuku. Wakanipita vijana wawili wamebeba kiti. Kiti cha ofisi. Cha kuzunguka, magurudumu matano, bado kina nailoni.

Wakakifunga mkanda.

Siku zote tatu hakuna aliyeniuliza hata kama niko hai, lakini kiti kimefungwa mkanda, tena wakauvuta kuhakikisha umekaza. Kimeondoka kinanitazama. Nusura nikipigie saluti, maana ni wazi kinanizidi cheo.

Kumuuliza, ananijibu, "Wewe ni standibai." Yaani wa kungoja nafasi ikibaki. Standibai gani mguu uko ndani?

Kombati_Kuukuu: Pole dogo. Ila kiti hakijawahi kufungua uzi.

Mzee_wa_Paleti: Tuache utani. Joto likipanda hewa inakuwa nyepesi, mapanga hayapati cha kukamata, helikopta ya viti 24 inaweza kuondoka na watu kumi na kitu tu. Ndiyo maana mnapimwa na bunduki zenu. Wewe na mavazi yako unapita kilo mia, kiti hakifiki ishirini. Jamaa kapiga hesabu.

Mleta uzi: Mkuu, ilikuwa ALFAJIRI. Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Na kama ni uzito, mbona aliniacha mpaka nikakanyaga ngazi? Angeniambia kwenye mizani.

Lindo_la_Pili: Ule mguu mwingine ulikuwa wapi? Hapo ndipo ulipokosea.

Barabara_Tu: Nyie wa helikopta mnadeka. Sisi wa msafara tulikaa kwenye malori siku mbili, injini inawashwa inazimwa, wahandisi wako mbele wanatafuta mabomu ya kutegwa. Kila saa tunaambiwa "jiandaeni, dakika kumi." Dakika kumi za jeshini mtoto anazaliwa na kuota meno.

Mzee_wa_Paleti: Bora lori, unaweza kunyoosha mguu. Ingia C-130, ndege ya mizigo ya jeshi, viti vya wavu, goti lako katikati ya magoti ya mtu usiyemjua, saa nne. Choo ni pazia. Ndege ile iliruka mara ya kwanza 1954 na mimi naamini pazia ni lile lile.

Barabara_Tu: Mlikuwa na pazia?

Kombati_Kuukuu: Kwetu aliyetaka kwenda alizungukwa na wenzake wamempa mgongo.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa KITI. Kilifungwa MKANDA.

Likizo_Imeliwa: Mimi jamaa huyo huyo kanilia siku nne za likizo. Kila nikienda dirishani ananiambia nisiende mbali. Nikaacha hata kuoga. Siku niliyokwenda kuoga ndiyo ndege ikaja, natoka na sabuni masikioni naiona inakunja magurudumu. Akaandika kwamba sikuitika.

Lindo_la_Pili: Hii ni kubwa kuliko ya kiti.

Barabara_Tu: Mbali sana. Likizo_Imeliwa fungua uzi wako, tutakuja.

Mleta uzi: Hivi mnanisoma? Mguu. Ngazi. Kiti.

Mzee_wa_Paleti: Kuoga kwenye kusubiri ndege ni kosa la kuruta. Unafuta uso na kitambaa, basi. Mimi wiki nzima niliwahi kukaa hivyo.

Kombati_Kuukuu: Na abiria wenzako waliishije?

Mzee_wa_Paleti: Nilipata nafasi kubwa kwenye wavu.

Kambi_Ndogo: Wakuu, kiti kimefika salama huku. Mkubwa kashakikalia, akigeuka kinalia nyiii. Mleta uzi, begi lako nalo limeshushwa, lina jina lako. Tulifanyeje?

Likizo_Imeliwa: Lina sabuni?

Barabara_Tu: Angalieni chaja kwanza.