Wa mapokezi kliniki amemwaga siri ya dada yangu, kuna sheria ama tumezee tu?

JaKondele: Wadau habari. Niko Kisumu. Dada yangu anachukua ARV kwa kliniki moja ya praiveti, nyumbani tunaojua ni mimi na mama tu. Sasa juzi mama mwenye amemwandika kwa duka akamwambia apumzike kwanza, kuuliza mbona, ati "wateja wanaongea". Kumbe msichana wa mapokezi alipiga kadi yake picha akatumia mtoto wa huyo mama kwa WhatsApp, na picha imetufikia. Nataka kwenda kuwasha moto pale lakini dada analia anasema niache, watu watajua zaidi.

NesiNyalenda: Pole sana ndugu yangu. Mimi ni nesi, na hiyo si udaku, ni kosa. Sheria ya HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza mtu yeyote kutoa majibu ya mwingine bila idhini yake ya maandishi, labda mambo machache kama amri ya korti. Imesema mtu yeyote, kwa hivyo ya kwamba si daktari haimwokoi. Lakini moto achana nao tafadhali, kwetu jamaa alikuja akirekodi na simu ati anatafuta nesi fulani, video ikazunguka na wamama wenye walikuwa foleni ya dawa wanaonekana sura kabisa, na nesi mwenyewe namba yake ikawekwa Facebook akatukanwa mpaka akabadilisha laini. Na sisi pia tuko na haki jameni.

BabaZawadi: Lakini si sheria inasema mwenye virusi lazima aseme?

WakiliBilaSuti: @BabaZawadi hapana. Kifungu cha 24 kililazimisha mtu aambie mpenzi wake, si mwajiri, na hata hicho Mahakama Kuu ilikitupa 2015.

@JaKondele kuna njia mbili. Ya kwanza Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, wako na ofisi hapo Kisumu, Nakuru pia. Chini ya sheria ya 2019 habari za afya ni data nyeti na lalamiko linafaa kuamuliwa ndani ya siku 90. Mnalalamikia kliniki yenyewe, si msichana peke yake, maana wao ndio walipewa hiyo data waitunze. Ya pili ni lile baraza la kusikiza kesi za HIV (HIV and AIDS Tribunal) lenye liliundwa na ile sheria ya 2006, hapo ongezeni na ya kazi kwa sababu kufuta mtu kwa hali yake pia imekatazwa. Dada akiogopa jina, muombe kesi iandikwe kwa herufi za mwanzo tu, hiyo ni kawaida. Skrinshoti weka, andika ilitoka kwa nani na tarehe, usiforwadie mtu hata kama ni wa familia. Na yeye ndiye ataamua, si wewe.

JaKondele: Nimemsomea yote. Ya data amekubali, baraza anasema atafikiria. Dukani hataki kurudi, anataka tu pesa ya siku zenye alifanya.

NesiNyalenda: Hiyo pelekeni ofisi ya leba, na meseji za M-Pesa zenye alikuwa analipwa nazo. Huko hakuna haja ya kutaja ugonjwa hata kidogo.