Cardiff, Treorchy au Aberfan: wapi pa kukaa kwa mtu wa zamu?

BintiPangani
Habari za jioni wakubwa. Nimepata kazi ya uuguzi Wales kusini. Kwa sasa nimepanga chumba Cardiff, na mwanangu wa miaka 7 anakuja mwezi wa nane. Dalali kanipa machaguo matatu: fleti ya chumba kimoja Cardiff, nyumba ya vyumba vitatu Treorchy, na nyingine kama hiyo Aberfan. Kodi zinakaribiana! Mbona huko mabondeni, Treorchy na Aberfan, rahisi hivyo, kuna nini? Gari sina.

Mzee_Likoni
Mwanangu, rahisi kwa sababu kazi iliyozijenga zile nyumba haipo tena. Bonde la Rhondda, iliko Treorchy, lilikuwa migodi ya makaa kila kona. Wa mwisho, Maerdy, ulifungwa Desemba 1990. Watu wakabaki na nyumba.

Mimi niko Treherbert, bonde hilohilo, mwaka wa tisa huu. Nyumba za mawe zimeungana safu nzima, mlango unafungukia barabarani, jirani akipiga chafya unamwambia pole. Kondoo wanashuka mlimani na kupindua mapipa ya taka, kwa hiyo pipa lifunge kwa kamba. Treorchy kuzuri zaidi ya kwetu: maduka yako wazi, na ukumbi wa Park and Dare bado una maonyesho. Wachimbaji waliujenga kwa kukatwa senti kwenye mishahara yao.

mama_wawili
Mzee anapasifia kwa sababu kashapazoea 😄 Dada, kagua UNYEVU. Kuta zile nyingi ni jiwe tupu, hazina uwazi katikati. Nyumba yangu ya kwanza huku ilikuwa imepakwa rangi nyeupe inang'aa, nikafurahi. Kufika Novemba nikasogeza kabati la mtoto: ukuta mweusi tii kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na sare ya shule imeota kuvu kwenye kola. Mwenye nyumba akaniambia ni kwa sababu napika sana! Siku ya kukagua, sogeza makabati na unuse.

Kaka Bujumbura
Kuhusu Aberfan, nimekaa jirani yake miaka minne. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la vifusi vya mgodi liliporomoka kutoka mlimani likafunika shule. Walikufa watu 144, watoto 116. Wengine wanaotaka kupanga wanaogopa kwa sababu hiyo, lakini malundo ya pale juu yaliondolewa. Tena mfuko wa rambirambi wa wanakijiji ndio uliotozwa pauni 150,000 kuchangia kuyaondoa! Zilirudishwa 1997, bila riba. Ukikaa pale utaona makaburi meupe upande wa mlima, na utajifunza kutoyauliza-uliza.

Hatari ya leo iko penye malundo ambayo hayajaondolewa. Lundo la Tylorstown liliporomoka Februari 2020, la Cwmtillery Novemba 2024, mara zote baada ya mvua kubwa. Kwa hiyo popote utakapopanga, tazama kilichoko juu ya paa lako.

mama_wawili
Halafu hujasema hospitali ipi! Kama ni ya mji wa Merthyr, Aberfan iko karibu, stesheni ya Merthyr Vale iko ng'ambo tu ya mto.

BintiPangani
Samahani, ni Llantrisant.

mama_wawili
Basi Aberfan ifute. Na Treorchy bila gari itakuchosha: treni inashuka bondeni kuelekea Pontypridd, na Llantrisant iko upande mwingine wa vilima. Stesheni ya karibu ni Pontyclun, nayo si mlangoni mwa hospitali. Fikiria umemaliza zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, mvua hiyo, unasubiri basi.

Kaka Bujumbura
Mimi ningekaa Cardiff miezi sita, nipate leseni na kigari, ndipo nipande juu. Reli ya Treherbert yenyewe ilifungwa Aprili 2023 hadi Februari 2024 kwa matengenezo. Waliotegemea treni tu walikoma.

BintiPangani
Asanteni. Na watu je? Mtoto hatasumbuliwa?

Mzee_Likoni
Sitakudanganya, mjinga mmoja mmoja yupo, hata Cardiff yupo. Lakini kijijini mtoto atajulikana kwa jina ndani ya wiki. Jirani yangu mmoja, baba yake alikuwa mchimbaji, siku ya kwanza alinisimulia habari za Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani: nchi yake ilimnyima pasipoti, akawaimbia wachimbaji wa huku Wales kwa simu mwaka 1957, wao wako ukumbini Porthcawl. Nikajua nimekaribishwa. Kiwelshi mtoto atafundishwa shuleni, nawe atakusahihisha.

BintiPangani
Fleti ya Cardiff naichukua kwanza basi. Lakini Jumamosi nataka kuja kuona hiyo ya Treorchy. Wanasema mvua itanyesha.

Mzee_Likoni
Ndiyo siku yenyewe, kuta zitakwambia ukweli. Ukimaliza kukagua panda treni uje kwetu upate chai. Inaishia hapa hapa, hata ukisinzia hupotei.