Naomba ushauri: mazoezi ya dharura ndani ya wodi yetu wenyewe

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuendesha mazoezi ya kuigiza dharura palepale kazini, siyo darasani.

Mimi ni mkunga wodi ya wazazi. Tunaigiza mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua: mwenzetu analala kitandani kama mgonjwa, timu ya zamu inaitwa, muda unaanza kuhesabiwa. Faida nimeiona kwa macho. Zoezi la mwisho lilifichua kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, ambayo mama anatakiwa kupewa gramu 1 mapema, ndani ya saa 3 tangu ajifungue, imefungiwa kabatini na funguo kaondoka nazo mtu wa zamu iliyopita. Darasani tusingelijua hilo kamwe.

Shida ni mjadala baada ya zoezi. Daktari akiwepo, wauguzi wananyamaza. Wahudumu ndio kabisa. Nimejaribu kuanza kwa kusema hatumtafuti mkosaji, nikamwomba pia daktari azungumze mwisho. Ameridhia vizuri tu, lakini ukimya uko palepale. Na wodi ikijaa tunaahirisha, jambo ninaloliona sahihi, maana mgonjwa halisi hasubiri.

Maswali yangu: mnaanza na swali gani ili hata wa vyeo vya chini waseme walichokiona? Na zoezi la dakika 10 wakati wa kupokezana zamu linatosha, au mjadala unakosa nafasi?

Natanguliza shukrani.