Tupeane uzoefu: mliokulia au mnaoishi na ng'ombe wa maziwa nyumbani, maisha yakoje?

Wakuu habari za mchana. Nyuzi za ufugaji zipo nyingi na zote zinaanzia mtaji kiasi gani, lita ngapi, faida kwa mwezi bei gani, mtu yuko Sinza anapiga hesabu kwenye simu anapata milioni nne na hajawahi kushika hata kamba ya ng'ombe. Hapa sitaki hesabu. Nataka tusimuliane maisha ya ndani ya nyumba, yaani mume mke watoto na huyo mnyama, nani anaamka, nani anakata majani, nani anashika hela, mligombania nini.

Naanza mimi. Niko Rungwe, huku mvua ikianza inasahau kuacha, nina ng'ombe wawili na mtamba mmoja. Mwaka jana mdogo wake mke wangu alikuwa anaoa Mbeya mjini, mchango tumetoa, sare zimeshonwa, Jumamosi asubuhi mke anapiga pasi mimi naenda bandani mara moja kuwawekea mabingobingo ili tuondoke. Namkuta Shangazi (ndo jina la ng'ombe, msiniulize kwanini) anazunguka zunguka, mkia kaunyanyua, kiwele kimejaa mpaka chuchu zinang'aa. Kwa hesabu zetu alikuwa bado ana siku nane. Nikarudi ndani nikamwambia mke wangu nyie tangulieni, ntawafuata. Akaniangalia tu hakusema kitu, akavua gauni la sare akavaa yale mabuti ya mvua. Watoto wakaenda na mama yao mdogo. Ndama katoka saa nane mchana, jike, tumemfuta na magunia, tukamkamua mama yake dang'a (yale maziwa ya kwanza) tukamnyonyesha kwa chupa maana kusimama alikuwa bado hajaweza vizuri, na keki ya harusi tukaiona kwenye simu tumekaa juu ya ndoo. Shemeji alininunia miezi mitatu. Sa hivi akija anaanza kuuliza "bi harusi hajambo?" anamaanisha yule ndama.

Kwahiyo swali langu la nyongeza, kuna familia yoyote humu yenye ng'ombe wa maziwa iliwahi kusafiri WOTE kwa pamoja? Mimi sijaona.

Wa Machame

Mkuu umenirudisha mbali. Sisi kihamba chetu (shamba la migomba la nyumbani) kidogo, ng'ombe hatoki bandani maisha yake yote, chakula ndo kinamfuata, na anayekifuata ni mama. Majani ya migomba na migomba yenyewe tunaikatakata, kipindi cha mvua unaongezea nyasi za pembezoni, ila kiangazi kikikaza mama anashuka tambarare na wenzake kutafuta mabua ya mahindi na nyasi, wanachangia pikapu kurudisha mzigo, wakikosa pikapu wanapandisha kichwani. Ule mlima wanaoujua wanaujua. Baba alikuwa Dar, anatuma hela ya pumba akikumbuka.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuamka saa kumi na moja kumulika taa wakati mama anakamua, afu nipeleke maziwa kituoni ndo niunganishe shule. Koti la shule linanuka banda, darasani nikaitwa Mtindi mpaka namaliza la saba, na kuna mwalimu naye aliniita hivohivo kwenye mahudhurio. Ila ada ya sekondari yangu na ya dada zangu wawili ilitoka kwenye yale maziwa, hao waliokuwa wanacheka ndo walikuwa wanakuja kuazima lita.

Raha yangu ni Desemba. Mnajua Desemba kwetu, watu wote wanapanda na magari yao, kaka zangu wanashuka na miwani na manukato, mama anawapokea vizuri kabisa, chai, ndizi, asubuhi ya pili anawapa koleo. "Samadi imejaa, migomba inaingoja." Kaka mkubwa ni meneja sehemu huko, anakokota samadi na kaptula ya gofu.

Wa Tanga mjini

Mimi naweka aibu yangu hadharani. Ng'ombe ni wa mke wangu, tena alimpata kwa ule mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, akazaa jike la kwanza tukalipeleka kwa familia nyingine, kuanzia hapo akawa wetu kabisa. Anakamua yeye, anapeleka yeye, mimi ni mtu wa kula mtindi. Sasa mke akajifungua kwa upasuaji, yuko hospitali siku nne. Jioni ya kwanza nimeingia bandani na ndoo, nimeosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu kama nilivokuwa nikimuona, nimepaka mafuta, nimekaa. Hakuna kitu. Amezuia maziwa yote, tena ananigeukia ananiangalia. Nikapata kikombe kimoja na teke la goti.

Jirani bi mkubwa mmoja akanichungulia ukutani akasema baba fulani, huyo anamjua bibi yake kwa harufu na kwa sauti, we unanuka marashi na huimbi. Kwani anaimba? Anaimba qaswida kila akikamua, miaka yote ile sikuwa najua maana saa hizo mimi nimelala. Basi asubuhi nikavaa dera la mke wangu lile la kazi, nikajifunga na kanga kichwani, nikaanza ile ninayoikumbuka ya madrasa. Akashusha. Siyo yote ila akashusha lita tano.

Shida ni kwamba mwanangu wa kwanza alipiga picha akamtumia mama yake wodini. Manesi wote waliiona.

Wa Tukuyu (mleta mada)

Hahahaha aisee baba wa dera!! Kwahiyo sa hivi unakamua au umerudi kwenye mtindi?

Wa Tanga mjini

Jioni ni zamu yangu. Dera ninalo langu.

Wa Nyandarua

Huku kwetu Kenya stori ni ile ya pesa wacha niwaambie. Ng'ombe wa gredi watatu, nyasi ya nepia kwa shamba, na kuna sheria kwa nyumba haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: maziwa ya asubuhi yanaenda kwa chama cha ushirika, malipo yanaingia kwa akaunti ya mzee mwisho wa mwezi, maziwa ya jioni ni ya mathe, yaani mama yetu, anauzia majirani anapata za chumvi na kalamu na za chama chake cha akina mama. Ulizeni watu wa Kiambu ama Nyeri, ni vile vile.

Sasa ng'ombe wana tabia ya kutoa mengi asubuhi, si ndio, usiku ni mrefu. Lakini mwaka fulani mzee akaanza kuona asubuhi inapungua pole pole na jioni inaongezeka. Alibadilisha chakula ya ng'ombe, akaita daktari, daktari akapima kiwele hakuna kitu. Mathe anasema pengine ni baridi. Sisi watoto tunajua. Mathe alikuwa amesongesha saa, anakamua asubuhi mapema kabisa saa tisa, na jioni anachelewesha mpaka saa mbili usiku, ng'ombe akajipanga na hiyo ratiba. Mzee alikuja kugundua baada ya mwaka mzima na tayari kulikuwa na tanki la maji limenunuliwa, lita elfu tano, limesimama hapo nje. Alilizunguka mara mbili akaenda kukaa. Sheria ikabadilika, sa hii wanaweka yote kwa akaunti moja, na wote wawili lazima watie sahihi.

Wa Iringa

Mama yako apewe uprofesa.

Mimi yangu haichekeshi sana. Nlikuwa darasa la sita, napeleka maziwa kituoni kwa baiskeli, lita kumi asubuhi. Njiani kuna kijiwe cha chapati, yule mama akanizoesha, nampa nusu lita ananipa chapati mbili na hela kidogo. Na ile nusu iliyopungua naifidia kwenye bomba la shule. Wiki mbili imepita safi maana maji kidogo kwenye lita kumi hawashtuki. Tamaa sasa, siku moja nikatoa lita mbili. Pale wana kile kipimo cha kuelea, laktomita, kwenye maziwa mazuri kinasimama kuanzia 26 kwenda juu, siku ile kikazama mpaka 22. Yule mpokeaji hakupiga kelele, alinirudishia ndoo akaandika jina la baba kwenye ubao, jekundu. Ubao uko nje, watu wote wanapita.

Baba hakunipiga. Alivaa shati lake la kanisani akaenda kituoni, akasimama mbele ya wafugaji wenzake akasema maji yaliwekwa nyumbani kwangu, ya leo yamwageni. Na mimi nimesimama pembeni. Miezi miwili maziwa yetu yanapimwa mara mbili wakati ya wenzetu yanapimwa mara moja. Nina miaka 38, chapati bado zinanikwama.

Wa Usa River

Poleni, hiyo ya ubao imeniuma. Mimi ni mtaalamu wa uhimilishaji, yaani napandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, nazunguka na pikipiki na ule mtungi wa nitrojeni wa kutunzia mbegu, niwape upande wa pili. Nikifika nyumbani kwa watu swali langu la kwanza ni joto (dalili za ng'ombe kutaka dume) limeonekana lini, maana likionekana asubuhi unapandisha jioni, likionekana jioni unapandisha kesho asubuhi, ukipitisha umengoja siku 21 nyingine na hizo ni wiki tatu za kumlisha bure. Basi hapo ndo utaona ndoa za watu. Baba anasema ameanza leo, mama anasema tangu jana mchana na nilikwambia, baba anasema hukuniambia, mama anasema uliniitikia ukiangalia mpira. Mimi nimesimama na glavu mkono mzima.

Kuna nyumba moja sigombani nao kabisa. Wana binti wa darasa la tano amening'iniza kalenda ya duka la pembejeo nyuma ya mlango wa jiko, kila ng'ombe na rangi yake, nyekundu amepata joto, bluu amepandishwa, anahesabu siku 21 anaweka alama ya kuuliza, akivuka bila kurudia joto anahesabu miezi tisa anaweka jua. Kausha (kuacha kumkamua) ya miezi miwili kabla ya kuzaa kaiandika yeye. Nikifika baba yake ananiambia subiri mwenyewe arudi shule.

Wa Njombe

Nyie mnaongea raha tu, hamjawahi kupewa dume? Ng'ombe wetu alizaa madume manne mfululizo. La tatu mwanangu akaliita Baraka, analala nalo juani, analipigia hesabu za kuzidisha. Siku mnunuzi anakuja tumempeleka mtoto kwa bibi yake tukadhani tumemaliza. Karudi jioni kaenda moja kwa moja bandani. Hakulia. Akauliza tu "mmeuza na kamba?" Maana kamba alisuka mwenyewe. Baba yake akatoka usiku na tochi kwenda kuifuata kijiji cha pili, akairudisha.

Wa Machame

Dah.

Wa Kibaha

Mimi nasoma tu, nilitaka kununua mmoja mwezi ujao, naona hamjasema hata bei.

Wa Tukuyu (mleta mada)

Mkuu hapa tunakwambia bei yenyewe hujaelewa tu. Rudi kwenye swali langu, WOTE kwa pamoja nani aliwahi?

Wa Lushoto

Sisi tulijaribu. Kaka anahitimu chuo Dodoma, wa kwanza kwenye ukoo, mama akaapa safari hii anaenda, hata ng'ombe azae mapacha. Akapatikana kijana wa jirani, akafundishwa wiki nzima, majani ya gwatemala tumekata ya siku tatu yamepangwa, pumba imepimwa kwenye makopo kila kopo limeandikwa asubuhi, jioni, jiwe la chumvi jipya, namba ya daktari imebandikwa ukutani. Tumeshuka na kile kibasi cha alfajiri, zile kona zote mama kanyamaza. Tumefika Mombo tunangojea basi kubwa, tunakula mishikaki, mama akasema ngoja nimpigie yule kijana mara moja nijue amekamua.

Kapiga. Kijana anasema mama nimekamua, ila kidogo, na majani hajala vizuri. Mama akasema mpelekee simu. Kijana akasema nimpelekee nani? Mpelekee yeye. Tukasikia ng'ombe analia kwenye spika, pale stendi, watu wanageuka. Mama akafunga simu, akafungua kipochi akatoa ile bahasha ya zawadi akampa baba, akavua na ule mtandio mpya akampa dada amvalie, akavuka barabara kupanda gari zinazorudi juu.

Picha ya mahafali ipo ukutani, tuko wanne, dada ana mitandio miwili.