Uzamili wa sayansi ya kompyuta: kwa nini kila tasnifu ilazimishwe kuwa ya akili unde (AI)?

Ndugu zangu, jambo hili nimelibeba kwa zaidi ya mwaka mmoja, na leo ninaliandika kwa hasira ambayo sioni sababu ya kuificha.

Niliingia kwenye shahada ya uzamili nikijua ninachokitafuta. Nilikuwa nimehudumia seva kwa miaka kadhaa, na swali lililonikosesha usingizi lilikuwa moja: seva kadhaa zenye nakala za data ileile zinawezaje kuafikiana juu ya rekodi moja, ilhali baadhi yake huzimika ghafla na ujumbe huchelewa njiani? Swali hili si dogo. Mwaka 1985 Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kwamba, pale ambapo ujumbe hauna kikomo cha muda wa kufika, hakuna algoriti (utaratibu wa hatua kwa hatua wa kompyuta) isiyotumia bahati nasibu inayoweza kuhakikisha maafikiano, hata kama ni seva moja tu inayoweza kuzimika. Mwaka 2014 Ongaro na Ousterhout walichapisha algoriti ya maafikiano iitwayo Raft, ambamo seva humchagua kwa kura kiongozi, yaani seva moja ambayo nyingine hunakili rekodi zake, na kila seva husubiri muda wa nasibu kabla ya kugombea ili kura zisigawanyike. Walipendekeza muda wa milisekunde 150 hadi 300. Nilitaka kupima muda huo unafaa kiasi gani kwenye mtandao unaosuasua, ambako kiongozi aliye mzima huweza kuvuliwa uongozi kwa sababu tu salamu zake za mara kwa mara za kuonyesha kuwa yu mzima zimechelewa. Kompyuta yangu ya mkononi ilitosha kwa kazi hiyo.

Andiko langu la utafiti lilikaa kwa msimamizi miezi minne. Liliporudi, halikuwa na sahihisho lolote isipokuwa agizo moja pembeni mwa ukurasa wa kwanza: niongeze akili unde. Nilipomfuata anifafanulie, alisema mtandao wa neva, yaani programu ya akili unde inayojifunza kutokana na mifano ya data, ndio umteue kiongozi, na kura ziondolewe kwa kuwa zimepitwa na wakati.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo kiini cha malalamiko yangu kilipo. Kura katika Raft si mapambo. Katika seva tano, kiongozi lazima apate kura tatu, na makundi mawili yoyote ya seva tatu katika hizo tano hayana budi kuwa na angalau seva moja ya pamoja. Kwa kuwa seva hiyo hairuhusiwi kupiga kura mbili katika awamu moja ya uchaguzi, hawawezi kupatikana viongozi wawili wa awamu moja. Ukiondoa kura na kuiachia kila seva ikisie kiongozi kwa mtandao wa neva, seva mbili zilizotenganishwa na hitilafu ya mtandao zinaweza kukisia tofauti, kila moja ikapokea rekodi zake tofauti, na data ya watu ikaharibika. Nilimwandikia hoja hiyo kwa kurasa tatu. Jibu lake lilikuwa kwamba siku hizi majarida hayapokei kazi isiyo na akili unde.

Hiyo si hoja ya kitaaluma, na ninasema hivyo kwa heshima yote ninayodaiwa kumpa mwalimu wangu.

Nikatii, kwa kuwa saini yake ndiyo inayofungua kila mlango. Ndipo nilipogundua kwamba idara haikuwa na kadi hata moja ya grafiki ya kufundishia mtandao wa neva. Nilihangaika na huduma za bure za intaneti zinazokata kazi katikati na kufuta kila kitu ambacho hukukihifadhi, huku data ya kufundishia yenyewe nikilazimika kuitengeneza kwa kuzima seva za majaribio mara maelfu. Mihula miwili ikapita hivyo, nami nikilipa ada ya kila muhula. Nilipofika mbele ya jopo, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa: kwa nini umetumia mtandao wa neva mahali ambapo kura zinatosha? Msimamizi wangu alikuwa ameketi palepale, naye hakufungua kinywa.

Siichukii akili unde. Ninao wenzangu wanaoitafiti kwa umakini, wakiwa na swali linaloihitaji. Ninachokikataa ni mwanafunzi kubebeshwa mada ambayo msimamizi wake haijui, idara haina vifaa vyake, na hasara yote ikamwangukia mwanafunzi peke yake. Msimamizi anayebadili mada atakiwe kuandika sababu zake na kuzitia saini. Andiko lisikae mezani miezi minne bila mtu kuulizwa. Na mihula iliyopotea kwa agizo la msimamizi isihesabiwe kuwa uzembe wa mwanafunzi, kama barua niliyopokea wiki iliyopita inavyodai, ikinionya kwamba muda wangu wa masomo unakaribia kwisha.

Nimeomba kurudi kwenye andiko langu la kwanza nikiwa na msimamizi mwingine. Nimeambiwa kwamba lazima yule wa sasa akubali kwanza kwa maandishi, naye hajibu barua pepe zangu. Aliyewahi kubadilisha msimamizi bila ridhaa yake tafadhali anieleze aliandika kwa nani, aliambatanisha nini, na kama mihula yake ya awali ilihesabiwa.